Mbegu Niliyoipeleka Mashineni

Kwanza tuelewane: tritikale si ngano, si ngano iliyoharibika, na wala si majani ya ng'ombe. Nawaambia nyinyi vijana wa hapa Dilala, mjini Kolwezi, mnaopita mbele ya nyumba yangu, mkaona masuke niliyoyatundika barazani mkaanza kuchekana. Juzi mmoja wenu, mwenye pikipiki nyekundu, alisimama na abiria wake katikati ya barabara ili aniulize, "Tata, ile ngano yako iko na ndevu, inatumikaka nini?" Abiria alikuwa mama mwenye haraka, na alimtukana vizuri. Nikamwambia arudi siku nyingine. Hakurudi, kwa hiyo namjibu hapa, na nyinyi wengine msome pamoja naye.

Nilikuwa monitere wa kilimo kwa miaka ishirini na tisa, kule juu kwenye uwanda, saa tatu za pikipiki kutoka Kolwezi kama mvua haijanyesha. Kama imenyesha, usiulize. Monitere, kwa wale waliozaliwa juzi, ni mtu anayepita shamba kwa shamba na kamba, daftari na maneno mengi, akiwafundisha wakulima kazi ambayo mara nyingi wanaijua kuliko yeye. Mimi nilikuwa na vyote vitatu. Maneno ndiyo yaliyonizidi.

Tritikale ilitufikia kwa lori la mradi, kwenye magunia meupe. Injenia wa mradi alikuwa kijana mpole kutoka Lubumbashi, mwenye elimu ya kweli na hofu kubwa ya nyoka. Alitukusanya penye mashine ya kusaga, maana pale sakafu ni ya simenti na nyoka huonekana mapema, akatueleza. Kule Ulaya watu walichukua ngano wakaichanganya na segle, nafaka ya nchi za baridi isiyoogopa ardhi mbaya. Ngano ndiyo mama, segle ndiyo baba. Mtoto wao ndiye huyu tritikale: ana punje kubwa za mama na ugumu wa baba. Mwanzo wake, akasema, ni ibride, yaani chotara. Akatazama chini ya miguu yake mara mbili, akapanda gari, akaenda.

Hapo ndipo ilipozuka kesi. Kapita, yaani msimamizi, wa shamba la mradi alikuwa Tata Kasongo, Muluba wa kaskazini, mzee mwembamba aliyenifundisha kila kitu ambacho shule ilisahau kunifundisha. Na mkulima wetu hodari kuliko wote alikuwa Mama Tina, Musanga, mama wa watoto watano, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Baba yake ni segle," alisema Tata Kasongo. "Basi ile mutoto ni segle. Mutoto ni ya baba. Kesi imekwisha."

"Kwenu kule njo inakwishaka," Mama Tina akamjibu. "Kwetu mutoto ni ya mama. Ile ni ngano. Segle ilipita tu."

Watu walicheka mpaka mwenye mashine akazima injini ili asikie vizuri. "Segle ilipita tu" ukawa msemo wetu wa mwaka mzima. Mwanamume akichelewa kazini, aliulizwa kama na yeye amepita tu. Lakini msidhani ilikuwa mzaha mtupu. Waliokuwa upande wa mama waliipanda kwenye udongo mweusi wa kando ya mto, kama mtu anavyoipanda ngano. Waliokuwa upande wa baba waliipeleka juu, kwenye ule mchanga mwekundu ambao mahindi yakiuona huwa ya njano kabla hayajafika magotini.

Ya mtoni ilirefuka, ikapendeza, na upepo wa siku moja ukailaza yote chini kama mkeka. Ya mchangani ilikuwa fupi, ngumu, imesimama. Tata Kasongo alitembea siku tatu mikono nyuma kama bwana harusi. Kwa hiyo andikeni hilo: mchanga, ardhi chungu, ardhi iliyochoka, ndiyo mahali pake. Usiibembeleze kwa mbolea nyingi, italala.

Mwaka uleule mimi nilifanya kosa langu la kwanza, na lile mtaliona dogo. Niliagiza watu wapande mwezi wa kumi na moja, pamoja na mahindi, kwa sababu mvua ya kwanza ikigonga bati kila mtu wa uwanda hukimbilia jembe, na mimi ni mtu wa uwanda. Ikakomaa mwezi wa tatu, mvua bado ipo. Sasa tritikale ina tabia moja mbaya: haina subira. Punje ikikomaa na ikalowa, inaota palepale juu ya suke. Tuliingia shambani kuvuna tukakuta masuke yameota nywele za kijani. Tukaanika, tukasaga, tukapika bukari, ugali wetu. Bukari ile, watoto wangu! Ilinata kwenye mwiko, ikanata kwenye vidole, jirani yangu akanyoosha mkono kuniaga na sufuria ikamfuata.

Tata Kasongo hakunigombeza. Aliniuliza tu kama mtoto wa baba na mama wa baridi nilimtaka akomae katika joto na maji. Kisha akanipa saa yake ya kupanda, na hata sasa sijaona kalenda inayoishinda. "Mahindi ikitosha ndevu, we unapanda," alisema. Maana yake, mahindi ya wenye kuwahi yakitoa ndevu, mwishoni mwa mwezi wa pili, wewe ndiyo unatia tritikale ardhini. Inakunywa mvua za mwisho, halafu inakomaa mwezi wa sita au wa saba, wakati wa vumbi na baridi, anga likiwa safi. Hapo haina maji ya kuotea.

Mengine niliyojifunza kwake ni haya. Vuta kamba, panda kwa mistari, shimo lisizidi kiungo kimoja cha kidole. Ikizama sana inachoka kabla haijaliona jua. Palilia mapema, mara moja lakini kwa moyo. Kujua kama imekauka, usitazame rangi, rangi ni mwongo: tia punje kati ya meno. Ikisema "ka!" vuna. Ikikubali kutafunwa kimyakimya, rudi nyumbani. Vaa shati la mikono mirefu, kwa sababu zile ndevu zikiingia shingoni utacheza ngoma isiyo na wapigaji. Na ukiona kwenye suke kitu cheusi kama pembe ndogo, kirefu kuliko punje, kitoe na ukitupe mbali. Ni ugonjwa aliorithi kwa baba, na ni sumu. Hilo sitanii.

Unga wake usile peke yake kama bukari. Changanya nusu na mahindi, au kaanga mikate, ile midogo ya mviringo ya asubuhi. Kwenye mikate ule unga ni mfalme. Mama Tina aliligundua hilo kabla ya sisi wote, na alikwenda kumtolea Tata Kasongo sahani nzima ili aone mtoto amefuata upande gani. Mzee alikula yote, akasema bado hajashawishika, walete zingine.

Sasa nifike pale ninapochelewachelewa kufika. Lile neno la injenia, ibride.

Kila mkulima wa kwetu analijua kwa sababu ya mahindi. Mbegu ya mahindi ya ibride unaipanda mara moja, inakupa mavuno makubwa. Ukichunga punje zake, yaani ukiziweka akiba ya mbegu, ukazirudisha ardhini, mwaka wa pili zinatoka mrefu na mfupi, mnene na mwembamba, kama watoto wa baba tofauti. Mimi mwenyewe niliwafundisha watu hilo kwa miaka, na ni kweli tupu. Basi niliposikia tritikale ni ibride, sikuuliza swali la pili. Nilikuwa na jibu tayari mfukoni. Nikapita nyumba kwa nyumba nikisema: hii msichunge mbegu, kuleni yote, uzeni yote, lori la mradi litaleta nyingine. Na lori lilileta kweli, mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hakuna aliyepata sababu ya kuniumbua.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, nilimkuta Mama Tina ameketi mlangoni akichagua masuke. Kabla ya kuvuna alikuwa amefunga vipande vya kitenge kwenye mashina yaliyosimama vizuri, na sasa alikuwa anayapukuchua peke yake, kando, kwenye kikapu kizuri chenye mfuniko. Nilijua anafanya nini.

"Mama Tina, hii ni ibride. Haichungwake."

"Mahindi njo haichungwake," alisema. "Hii iko na mama yake na baba yake, imeshakuwa mutu mukubwa. Mutu mukubwa anazaa."

Ningeweza kucheka nikaenda zangu. Lakini walikuwapo watu wanasikiliza, na mimi nilikuwa na kofia ya mradi kichwani, na kofia ile ilikuwa inabana ubongo. Nilichukua kikapu chake. Nilikibeba mwenyewe mpaka mashineni, watu wakinifuata nyuma, nikamwambia mwenye mashine asage mbele ya macho ya wote ili iwe somo. Mama Tina alisimama mlangoni pa mashine. Unga ulipotoka aliupokea kwa mikono miwili, akasema, "Aksanti, tata monitere." Jioni akaniletea mikate ya unga uleule, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Nikaila. Nikalamba na vidole.

Miaka michache baadaye mradi ulikwisha. Siku moja lori lilikuja kuchukua magunia matupu badala ya kuleta yaliyojaa. Injenia alituaga penye simenti, akalia kidogo, akaenda. Mimi nilibaki monitere bila mradi, yaani mtu mwenye kamba. Tritikale ikapotea mashambani ndani ya msimu mmoja tu, na tukarudi kwa mahindi na mihogo yetu. Sikuhuzunika sana, nakiri.

Miaka minne ikapita, ukaja mwaka wa viwavi. Sisi ni watu wa kula viwavi, mnajua wenyewe, na msimu wake ni sikukuu. Mwaka ule viwavi vilitula sisi. Vidudu vya rangi ya majivu viliingia ndani ya mahindi, vikashuka kwenye moyo wa shina, na kufikia katikati ya mwezi wa pili uwanda mzima ulikuwa umesimama na matambara. Mihogo ilikuwa michanga. Nyumba kumi na tatu za kijiji chetu zilianza kuhesabu siku. Nyumba ya Banza, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, haikusubiri. Alifunga mlango kwa waya, akampakia mkewe na watoto kwenye lori la makaa, akaenda Kasulo, huku Kolwezi, kuchimba madini.

Wengine wakanijia. "Tata monitere, ile tritikale yako inapandwa sasa, sivyo? Mahindi inatosha ndevu, ata kama ndevu yenyewe imekulwa."

Walikuwa na haki. Ilikuwa saa yake hasa. Kuipanda wiki ile kulikuwa na maana ya chakula mwezi wa saba. Kutoipanda kulikuwa na maana ya waya kwenye milango mingine. Nikaenda Kolwezi, nikauliza kwenye kila duka la mbegu. Nikaenda Fungurume nikakaa siku mbili. Mbegu za mahindi, za kabichi, za vitunguu, hata za maua. Tritikale, wenye maduka wananiuliza kama ni dawa.

Nikarudi, nikapanda juu ya kichuguu kikubwa cha nyuma ya shule, ndiko mtandao unakopatikana, nikampigia injenia Lubumbashi.

"Lakini tata," alisema, "ju ya nini munatafuta mu maduka? Mulikuwa na mbegu miaka yote ile. Bakulima habakuchunga?"

"Ile ni ibride," nikasema. "Haichungwake."

Nilidhani mtandao umekatika, nikasogea upande wa pili wa kichuguu.

"Tata monitere," akasema polepole, "mi nilisema mwanzo yake ni ibride. Ile ya zamani sana. Ilishatulia. Leo inachungwa kama ngano ingine yoyote. We ulibaambia nini?"

Nilikata simu, nikakaa juu ya kichuguu nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, na sikutaka kushuka. Niliona aibu, watoto wangu. Si ile aibu ya kuanguka sokoni, inayokwisha kwa kicheko. Nilikuwa nimepita nyumba kumi na tatu na kuziambia zimalize chakula cha kesho.

Tata Kasongo alikuwa amestaafu, anasikia kwa sikio moja. Nilimwendea, nikamweleza kwa sauti ya juu, kwa hiyo kijiji chote kilielezwa. Akaniuliza swali la ajabu.

"Mikate ya Mama Tina, ile anauzishaka asubuhi ku barabara. We unakulaka?"

Nikasema nakula kila siku ya Mungu.

"Iko na rangi gani?"

Mikate ile ilikuwa ya kahawia. Mikate ya unga wa duka ni myeupe ndani. Miaka minne nilikuwa nanunua mikate mitatu kila asubuhi, nakula ushahidi, na kumpongeza mpishi.

Mama Tina aliniona ninavyokuja, akaendelea kupepeta mihogo yake.

"Mama, nimekuja juu ya mbegu."

"Mbegu gani?"

"Tritikale."

"Ah! Ile ni ibride, tata. Haichungwake." Hakutabasamu hata kidogo. "Njo balitufundisha. Kulikuwa monitere moja hapa, mutu wa kusoma sana."

Nilimwambia monitere yule alikosea. Nikamwambia nimempigia simu injenia, na kwamba yeye Mama Tina alikuwa na haki tangu siku ile mlangoni, na kwamba kikapu chake nilikisagisha bure. Nililisema kwa shida. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akanipeleka jikoni. Juu ya mafiga, penye moshi, kulikuwa na kichanja, na kwenye kichanja bidoni saba za manjano, yale madumu ya mafuta, midomo imezibwa kwa nta. Ndani, punje zimechanganywa na majivu. Nilitia moja kinywani. Ikasema "ka!"

Kikapu nilichosagisha kilikuwa kimoja. Cha pili kilikuwa chini ya kitanda chake siku ileile. Tangu hapo alikuwa anapanda nyuma ya mihogo, mahali ambapo, alisema, monitere hafikake kwa sababu kuna umande na anapenda viatu vyake.

"Nitabapa bote," alisema. "Kila nyumba. Lakini we njo utasema. Pa mashini. Pale pale."

Kesho yake asubuhi nikasema, pale pale. Niliwaeleza watu wa nyumba kumi na mbili zilizobaki kwamba tritikale inachungwa, ilikuwa inachungwa siku zote, na kwamba ni mimi niliyewakataza bila kuuliza. Mmoja akaniuliza, bila hasira, kama Banza anajua. Nikasema hajui. Nyumba ile yenye waya inaniuma hadi leo, siwafichi.

Kisha tukapanda. Mama Tina alinipa kazi ya kuvuta kamba, yeye akawa anapima kina cha mashimo kwa kidole chake na kunirudisha pale nilipozidisha. Tulitia punje zikiwa zimeachana ili mbegu itoshe wote. Ilipanuka yenyewe, kila shina likazaa mashina manne, matano. Mwezi wa saba, kwa baridi ile ya kuchoma masikio, tulikuwa tunapiga masuke kwa fimbo juu ya maturubai ya plastiki, pua zimejaa vumbi, na hakuna mlango mwingine uliofungwa kwa waya.

Siku ya mwisho ya mavuno aliniita jikoni kwake. Bidoni zilikuwa tisa sasa, zimejaa, bado hazijapanda kichanjani. Alinipa kipande cha mkaa.

"We njo uko na muandiko ya muzuri. Andika."

"Niandike nini, mama? Tritikale?"

"Batu banajua ni nini. Andika asema basisage."

Nikaandika juu ya bidoni ya kwanza, kwa herufi kubwa: ISISAGWE. Nikaandika ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa. Alipita nyuma yangu akizitazama moja moja, ingawa kusoma hakujifunza.

"Sasa pale chini weka jina."

"Jina lako?"

"Apana," alisema. "Yako."

Nikaandika jina langu, lote, na la ubatizo, mara tisa.